Pedi ya Pili

Juzi shule ilipofungwa mama alinituma kwa fundi redio kupeleka pasi. Pasi yenyewe ilishakufa siku nyingi, ila nyumbani kwetu kitu hakizikwi mpaka fundi atamke kwa mdomo wake. Fundi yuko palepale nyuma ya stendi ya Same, upande ule ambao upepo ukivuma unakugawia vumbi bila kukuuliza kama umeomba. Kibanda siku hizi kimepakwa rangi ya matangazo ya simu na dirishani anauza vocha. Nikamwamkia. "Marahaba, bingwa," akajibu, hata kichwa hakuinua. Bingwa! Sijaitwa hivyo tangu darasa la sita, na nakwambia ukweli rafiki yangu, neno hilo lilinichoma kuliko pasi ile ilivyowahi kuchoma shati.

Nikainua macho, nikaiona. Inaning'inia ukutani kwenye msumari, katikati ya spika zilizotafunwa na panya, imezungushiwa waya wake wenyewe mara tatu. Pedi ya pili.

Kama hujawahi kucheza gemu za kupigana, sogea nikueleze, maana bila hili hutanielewa. Pedi ni kile kidude cha plastiki unachokishika kwa mikono miwili mbele ya tivii. Kushoto kuna mishale ya kumtembeza mtu wako. Kulia kuna vitufe vinne: mraba unapiga ngumi, pembetatu inapiga teke, msalaba unaruka, duara linakinga. Wapo wachezaji wa kistaarabu wanaojua mapigo ya kupanga, mbele, nyuma, ngumi, teke, kama mtu anayesoma risala. Sisi hatukuwa watu hao. Sisi tulikuwa watu wa kusugua. Unaukamata mraba na pembetatu kwa kidole gumba kimoja na unasugua mpaka mtu wako kwenye tivii aonekane ameingiliwa na siafu kwenye suruali. Mpinzani akipata nafasi ya kufikiri, ujue hujasugua.

Huyo fundi hakuanza na gemu. Alikuwa fundi wa redio kwelikweli, zile kubwa za mbao ambazo babu zetu walizifunika kitambaa kama mkate. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, redio mpya za plastiki zikamiminika, zikiharibika mtu anatupa ananunua nyingine. Fundi akakaa wiki nzima anatazama barabara. Mwishowe akaenda Arusha, akarudi na tivii iliyotumika, gemu iliyotumika, na pedi mbili. Akaandika kwa chaki mlangoni: MSHINDI ANABAKI. Maana yake ilikuwa hivi: unatoa hamsini yako, unacheza, ukishinda unabaki kwenye kiti bure hadi atokee wa kukung'oa. Ukishindwa unatoka, unaenda mwisho wa foleni au kwenu.

Mimi kwetu sikutaka kwenda. Ndiyo habari yote hii, kama unataka kuiacha hapa uiache. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, neno lililotusumbua sana sisi watoto kwa sababu tulimtazama na hakuonekana kupungua popote. Akaenda Mererani kutafuta mawe ya bahati. Mama akaanza kuuza mitumba, anafuata magulio, leo Hedaru, kesho Maore, anarudi jua likiwa limeshazama na mgongo umekuwa kama wa marobota yake. Nikitoka shule nakuta sufuria ya makande imefunikwa, jiko limepoa, na bati moja la paa linapigwa na upepo, pwa, pwa, pwa. Shuleni nilikuwa mchekeshaji wa darasa zima. Mwalimu wa zamu alisema nikinyamaza dakika tano ataandika kwenye daftari la matukio. Lakini hebu jaribu kuichekesha sufuria.

Kibandani kulikuwa na watu. Na zaidi ya yote, ukicheza, lazima mtu akae kando yako. Bega kwa bega, benchi lilikuwa fupi. Mtu anahema karibu na sikio lako, ananuka jasho na karanga. Nilikipenda kile kiti kuliko gemu yenyewe.

Tatizo ni kwamba nilikuwa sijui kucheza. Dakika mbili tu, nimelala chali kwenye tivii, watu wanapiga makofi, na mimi huyo njiani kuelekea kwenye bati langu.

Bingwa wa kweli alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Wenzetu walimwita Wa Mkonge, kwa sababu alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge kule chini ya barabara ya Tanga. Wazazi wake walitoka Kigoma enzi ambazo mkonge ulikuwa unaita watu. Sasa shamba limeuzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akaja na gari zuri, akatazama, akaondoka, hajarudi. Baba wa rafiki yangu akahamia mjini na familia, akawa anapakia magunia kwenye malori. Rafiki yangu hakuwa msemaji. Vichekesho vyangu alivipokea kwa kutabasamu upande mmoja wa mdomo, kama anayeweka mwingine akiba. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu, mwiba wa mkonge ulimwingia akiwa mdogo. Kwa kidole hichohicho alitupiga kibanda kizima.

Ndiye aliyenifundisha. Usibonyeze kwa nyama ya kidole, utachoka. Tumia upande wa ukucha. Vuta pindo la shati ulivike kidole, kiteleze. Pedi usiishike hewani kama mtoto mchanga, ilaze pajani. Nguvu usiitoe kwenye kidole, itoe kwenye kiwiko.

"Kidole kinapeleka barua tu," aliniambia. "Anayeandika ni kiwiko."

"Sasa changu hakijui anwani," nikamjibu.

Akatabasamu upande mmoja. Kisha akanipiga mara tatu mfululizo, nikaenda nyumbani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na msemo wake wa kila Jumatatu: Kiingereza ni ufunguo, kitawafungulia milango. Mimi nilikuwa nashika mkia kwenye somo lake, lakini siku moja, nisamehe, ufunguo ulifanya kazi. Niliwahi kibandani mapema, kwa sababu nani mwingine hana wa kumngoja nyumbani? Rafiki yangu alikuwa lazima kwanza achote maji na toroli. Nikiwa peke yangu, nikasogeza mshale mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusogeza, nikakuta ukurasa umejaa maneno. Niliyanakili mkononi kwa kalamu, nikaenda kuyatafuta kwenye kamusi ya baba isiyo na jalada. Kesho yake nikajua: pale ndipo pedi zinapopangwa. Unaweza kuiambia gemu kwamba mraba usiwe ngumi tena. Unaweza kuiambia hivyo kwa pedi moja, na nyingine ukaiacha.

Kwa sheria ya fundi, anayekalia kiti hushika pedi ya kwanza, anayekuja kumng'oa hushika ya pili. Nadhani umeshaniona ninakokwenda. Nikaibadilisha pedi ya pili. Mraba ukawa kinga, duara likawa ngumi. Yaani sugua upendavyo, mtu wako anajifunika uso kama bibi harusi.

Siku hiyo niliwashinda watu saba. Walilewa! Mmoja alipiga pedi kwenye goti akasema mbovu, akafungua kesi.

Hapa nisimame kidogo. Unajua tunavyosemwa Wapare, kwamba mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Wanatuonea, lakini si sana. Kibandani kwetu ugomvi haukumalizwa kwa ngumi, ulifunguliwa kesi. Fundi anakalia kreti la soda, mlalamikaji anasimama, mashahidi wanaapa kwa kugusa tivii. Kuna jamaa alishtakiwa kwa kupiga chafya kwa makusudi wakati mwenzake anakaribia kushinda, na kesi ikaahirishwa mara mbili ili apige tena chafya ya majaribio. Basi kesi ya pedi ikasikilizwa. Fundi akaifungua kwa bisibisi, akaisafisha kwa spiriti, akainusa, akaifunga. "Nzima. Kesi imetupwa." Na jioni gemu ilipozimwa ikasahau kila kitu, maana haikuwa na kadi ya kutunza kumbukumbu. Ushahidi ulijifuta wenyewe kila siku, na kila siku mimi niliwahi kuupanga upya.

Wenzangu wakachoka. Wakasema pedi ya pili ina shetani, wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi. Foleni ikapungua hadi akabaki mmoja. Wengine walilaumu pedi, rafiki yangu alikilaumu kidole. Mara ya kwanza aliposhindwa alikitazama kidole gumba chake muda mrefu, akakiminya kwenye kovu.

"Ule mwiba," akasema. "Nahisi kipande kilibaki ndani. Kimeanza kuoza."

Nilitakiwa kucheka hapo. Nilitakiwa kusema, wewe mwiba gani, nimekuchezea. Nikasema, "Pole."

Nikwambie jambo baya zaidi? Zile wiki zilikuwa tamu. Kila alasiri tulikuwa wawili tu, upepo nje unapeperusha mifuko, fundi amelala na kofia usoni, na rafiki yangu kando yangu, bega kwa bega, akishindwa anatoka mlangoni hatua mbili kutimiza sheria ya foleni, kisha anarudi anakaa. Tulikula miwa, tukagawana maganda ya kutafuna kwa utani. Sikuwahi kwenda nyumbani mapema. Bati lilipiga pwa, pwa, pwa, bila mimi.

Mwezi huo bibi alishuka kutoka Suji na mkungu wa ndizi na mdomo wake. Bibi yangu mzaa mama akiniona hunisalimia hivi: "Mume wangu wa hovyo, hata kuni hujaniletea." Nami humjibu kwamba nimeshaoa mwingine mwenye meno. Ndivyo tulivyo, na majirani wameshatuzoea. Jioni moja rafiki yangu akaja nyumbani kuomba anyooshewe kidole, kwa sababu alisikia bibi anajua mifupa. Bibi akamkalisha kwenye kigoda, akapasha mafuta ya mnyonyo, akakikanda kile kidole kiungo kwa kiungo, akakikunja, akakivuta, akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Rafiki yangu alifumba macho na kungoja. Mimi nilikuwa nakula makande na sikusema lolote.

Bibi akakifunga kidole kwa jani la mnyonyo, akamuaga mgeni. Kisha akageuka.

"Kile kidole hakina ugonjwa," akasema. "Mwenye ugonjwa ni mwingine, na amekalia sufuria yangu ya makande."

"Bibi, mimi nimefanya nini?"

"Sijui. Ila wewe ukinyamaza, kuna kitu kimeibiwa mahali."

Hakuniuliza tena. Angeniuliza, ningesema. Mpaka leo namlaumu kidogo kwa kutoniuliza, hiyo ndiyo tabia yetu wakosaji.

Lakini sikiliza rafiki yangu alichokifanya na kidole chake kibovu. Hakuacha. Alikifunga jani, akakaa, na kwa kuwa gumba halimtii tena, akaanza kujaribu vingine. Akailaza pedi mapajani kama kinanda. Kidole cha shahada akakipeleka kwenye duara, kwa kubahatisha tu, na mtu wake akarusha ngumi. Akashtuka. Akarudia. Pedi fundi alishasema ni nzima, kwa hiyo aliamini kilichobadilika ni kidole, si kitufe. Nilimwona akitabasamu upande mmoja. Siku kumi baadaye alikuwa analigonga lile duara kama mvua ya vuli juu ya bati, na gumba lenye jani limetulia pembeni kama mgonjwa aliyetolewa nje kuota jua. Alikuwa amejifunza upya, peke yake, gizani, ndani ya uongo wangu. Nikawa nashinda kwa tabu, mtu wangu amebakiwa na damu ya kujaza kijiko.

"Kesho nakung'oa," akaniambia Ijumaa moja. Kisha akaongeza kwa sauti ileile, kana kwamba ni jambo lilelile: "Keshokutwa tunaondoka. Baba amepata lori la kutufikisha Singida, kutoka hapo tutajua. Tunarudi Kigoma."

Nikamwambia akifika anisalimie samaki. Wallahi ndicho kilichonitoka. Akacheka kidogo.

Nyumbani sikula. Nilifikiri, nikafikiri, nikapata wazo ambalo lilionekana la kiungwana kabisa. Nitatubu. Ila nitatubu kimyakimya. Kesho sitaupanga ule ukurasa. Nitaiacha gemu kama ilivyozaliwa, mraba ngumi, duara kinga. Nitamwachia pedi iliyonyooka, atanipiga, atajua kidole chake kimepona, atakwenda Kigoma bingwa. Na mimi sitalazimika kusema neno hata moja. Nililala vizuri, ukitaka kujua.

Umeshaliona shimo? Mimi sikuliona. Nilikuwa na akili ya kufungua kamusi lakini si hiyo.

Jumamosi akaja ameshavaa shati la kusafiria, lenye mikunjo ya sandukuni. Baadhi ya wenzetu wa zamani nao wakaja, walisikia anaondoka. Fundi akakataa hamsini yake. Rafiki yangu akakaa, akailaza pedi ya pili mapajani kama kinanda, akavuta pumzi, akaanza kuligonga duara kwa kidole cha shahada, kwa ile kasi aliyoitafuta siku zote zile.

Mtu wake akajifunika uso.

Akaligonga zaidi. Mtu wake akazidi kujifunika. Mimi nilikuwa sibonyezi kitu. Naapa nilikuwa nimeachia vidole, namngoja. Akaangalia pedi, akaangalia tivii. Nikawaza, jaribu gumba! Rudi kwenye mraba! Nikamwambia hivyo kwa macho, kana kwamba macho yana sauti. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. "Wa Mkonge vipi, unaogopa mvua?" mmoja akapaza, wote wakacheka. Gumba lake hakuligusa. Kwake yeye lilikuwa limekufa, bibi yangu mwenyewe alilifunga jani. Muda ukaisha. Kwenye ile gemu muda ukiisha anayeshinda ni mwenye damu nyingi, na mapema kabisa, kabla sijakumbuka kuachia, mtu wangu alikuwa amemgusa ngumi moja ya bahati mbaya.

Kwa hiyo nikashinda.

Nilifungua mdomo. Mdomo huu, rafiki yangu, uliochekesha darasa zima, uliomjibu bibi, uliomtania mwalimu mkuu mbele ya bendera. Maneno yalikuwa machache tu: nilibadilisha vitufe. Hata mtoto wa chekechea anayaweza. Yakakataa. Nikawatazama wale waliosimama nyuma, nikafikiria kreti la soda, fundi amekaa, mimi nimesimama, mashahidi wanagusa tivii. Nikafunga mdomo.

Rafiki yangu hakufungua kesi. Angefungua! Alisema tu, "Basi. Hata hiki nacho kimeugua," akakitazama kidole cha shahada. Kisha akauzungusha waya kwenye pedi, mara tatu, taratibu, kama anayefunga kidonda, akaiweka juu ya tivii. Mlangoni akageuka, akanionyesha yale maandishi ya chaki.

"Mshindi anabaki," akasema, akatabasamu upande mmoja.

Nikabaki. Wenzetu walimsindikiza, mimi nikabaki kwenye benchi, na kando yangu palikuwa peupe. Jumatatu nikarudi. Nikashika pedi ya kwanza, ya pili nikailaza pale alipokuwa anakaa, bila kuifungua mizunguko ya waya wake. Mtu wa upande wa pili alisimama tu kwenye tivii, mikono chini, anahema, maana hata asipochezwa wanamfanya aheme. Sikuweza kumpiga. Tulitazamana mpaka fundi akaniambia kama sichezi nizime, umeme una wenyewe.

Siku hizi gemu ilishakufa, tivii ilimezwa na radi, na wale wa mpira wa makaratasi wengine wako Dar, wengine wako Mererani wanakochimba na baba yangu. Baba hajapata jiwe. Bibi yuko Suji, meno hana kabisa, ananiita mume wa hovyo kupitia watu wanaoshuka. Mimi niko kidato cha tatu, bado nachekesha, na Kiingereza nimeacha kushika mkia.

Juzi nikamuuliza fundi, akiwa anaichokoa pasi ya mama, "Ile pedi ya pili ilikuwa na ubovu gani hasa?"

"Ile?" Akaitazama ukutani. "Haijawahi kuumwa hata siku moja. Nyie ndio mlikuwa mnaisingizia."

"Fundi, nataka kufungua kesi."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu."

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Wewe mtoto hujaacha utani wako," akasema, akijifuta macho. Nami nikacheka, kwa sababu ndiyo kazi niliyozoea, na kwa sababu mlalamikaji yuko Kigoma, au njiani, au popote pale lori lilipowafikisha, anashika kalamu au jembe kwa vidole viwili anavyoamini vilioza, na hajui kwamba ana kesi.

Nikaitoa pedi kwenye msumari. Nilitaka kuufungua ule waya, nione tu kama vitufe bado vinarudi vikibonyezwa. Niliushika ncha. Kisha nikaiacha mizunguko yake mitatu kama alivyoizungusha, nikaining'iniza tena, nikamwambia fundi pasi nitaifuata kesho.